Huyu ni Mgeni Wangu

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu kwa meli. Kabla abiria hawajateremka, mashua ndogo zilitoka ufuoni zikaizunguka meli yao. Ndani ya mashua walikuwa vijana, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anapanda, anamchagua mfanyabiashara mmoja, anampa ile sahani na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Kwisha. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule halali kwingine ila kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama amezoea kuja na ana watu wake mjini. Mwenyeji ndiye atakayemuuzia mali yake, na ndiye atakayemnunulia anachotaka kurudi nacho kwao. Na hapo hakuna mchezo: ukinunua mali ya mgeni kwa bei ya kutupa, au ukimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo haitambuliki.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na siku hizi kila nikikisoma nawaza jambo ambalo Ibn Battuta angelishangaa: waanzilishi wa startapu waliojikusanya kwenye ufuo wa nchi ya mbali, laptopu mezani, dafu mkononi, wakifanya kazi.

Kama uko kwenye mambo ya teknolojia hapa Nairobi, unajua ninachoongelea. Watu kumi, kumi na tano hivi, kila mmoja na kampuni yake changa, wanakodi nyumba kubwa Bali, Lisbon au Cape Town. Mchana kila mtu yuko na kazi yake. Jioni mnakaa meza moja, mnaonyeshana mlichojenga, mnakosoana bila huruma. Wengi wetu tunaiita ritriti tu. Wakatoliki wana neno zuri zaidi, mafungo, lakini mafungo ya kanisa unaenda kunyamaza. Haya ya startapu unaenda kuongea.

Mwenzangu kwenye kampuni anataka twende. Sisi tunatengeneza programu ya kuweka hesabu za stoo kwa maduka ya vipuri vya magari, na wateja wetu wengi wako Grogan. Mimi ndiye ninayeshika vitabu. Tumebakisha pesa za miezi saba, na wiki tatu ugenini zitakula karibu mwezi mmoja na nusu. Kwa hivyo nikafanya kile ninachofanya nikikwama. Nikarudi kwa historia, nione watu waliowahi kwenda mbali kufanya kazi pamoja walipata nini, na nani alilipa.

Tuanze na swali rahisi. Mbona wale wafanyabiashara wa Mogadishu walihitaji mwenyeji wa kukaa naye, si mtu wa kuwauzia mzigo siku moja waondoke?

Jibu ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikishusha majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi hadi pwani yetu. Kusi huanza Aprili, na ndiyo iliyoyarudisha. Ukishafika Lamu, Mombasa au Zanzibar, huwezi kuamka tu ukasema leo narudi nyumbani. Unangoja. Katika kungoja huko watu walikopeshana, waliozana, walijifunza lugha, walijua nani analipa deni na nani anakwepa. Ukikaa na mtu miezi mitatu utajua kama unaweza kumwachia mzigo wako hadi msimu ujao. Barua haiwezi kukuambia hilo.

Mambo haya hayakuisha na Ibn Battuta. Desemba 1938, baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Wakuwaiti huko Aden, akashuka nalo hadi Zanzibar na delta ya Rufiji kulikokatwa boriti za mikoko. Mabaharia aliosafiri nao hawakuwa na mshahara. Walikuwa na fungu. Safari ikiisha, gharama zinatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na watu wake. Sisi tungesema kila mtu alikuwa na hisa. Wengi pia walikuwa na deni kwa nahodha, na deni hilo liliwafunga msimu baada ya msimu. Yeyote aliyewahi kuahidiwa hisa badala ya mshahara anaijua hali hiyo.

Sitaki kuwauzia hadithi tamu. Pepo hizohizo zilisukuma majahazi yaliyobeba watumwa, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, tena kwa shinikizo la Uingereza. Hata ule utaratibu wa Mogadishu ulimnufaisha mwenyeji kwanza. Mgeni hakuweza kuzunguka sokoni kivyake akitafuta bei. Alikuwa mateka anayelishwa vizuri. Lakini jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mtu: mwenyeji alikuwa ndani ya biashara. Hakuna aliyemwona kama mtu wa kukodisha chumba.

Baadaye zikaja meli za mvuke, kisha ndege, na upepo ukaacha kuamua nani anakaa wapi kwa muda gani. Mfanyabiashara angeweza kuja Jumatatu na kuondoka Alhamisi. Intaneti ilipofika, hakuhitaji hata kuja. Hapo ndipo jambo la ajabu lilitokea. Watu walioachiliwa na upepo wakaanza kujikwamisha kwa makusudi. Wanaweza kufanya kazi popote, peke yao, na bado wanalipa nauli ili wakwame mahali pamoja na wageni wenzao. Ule mwezi wa kungoja ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeiona mpaka ulipopotea.

Mfano mmoja mkubwa ni Chile. Mwaka 2010 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Start-Up Chile. Wazo lilikuwa la Nicolás Shea, mfanyabiashara aliyekuwa amesoma Stanford na kuona wenzake wenye kampuni nzuri wakifukuzwa Marekani kwa sababu ya viza. Akasema, kama Marekani haiwataki, waje kwetu. Chile iliwapa waanzilishi wa kigeni dola 40,000 bila kuchukua hisa hata moja, pamoja na kibali cha kukaa mwaka mmoja. Kundi la majaribio lilikuwa na kampuni 22 kutoka nchi 14. Unakaa Santiago miezi sita, unafanya kazi na wenzako chini ya paa moja, kisha uko huru.

Ukisikia hivyo unauliza, sasa Chile ilipata nini? Kwa pesa zao hawakutaka hisa, walitaka muda wa wageni. Kila kampuni ilipaswa kukusanya alama kwa kufanya kitu na wenyeji: kufundisha chuoni, kuandaa warsha, kumshauri kijana wa Chile mwenye wazo. Na kweli jina la Santiago lilikua. Mwaka 2012 The Economist liliuita mji huo Chilecon Valley. Lakini miezi ilipoisha, wengi wa wageni walifungasha wakaenda, wengine walikokataliwa mwanzoni. Na kwa mwaka wa kwanza Wachile wenyewe hawakuruhusiwa kuomba pesa hizo. Mlango ulifunguliwa kwao 2011. Hebu fikiria: nchi yako inalipa sherehe na wewe umesimama getini.

Hata hivyo sicheki na Chile. Angalau walijua kwamba mwenyeji lazima apate kitu, wakaandika sharti. Kosa lao, naona mimi, ni kwamba walimlipa mwenyeji kwa mihadhara. Mhadhara ni kitu kizuri, lakini haukufanyi mshirika wa mtu.

Miaka mitatu baadaye kukaja wazo la kuondoa mwenyeji kabisa. Januari 2013, meli ya MV Explorer iliondoka San Diego, Marekani, ikiwa na wanafunzi wa Semester at Sea, ule mpango wa chuo kinachoelea. Safari hii ilikuwa na abiria wengine: waanzilishi wa kampuni 11, waliochaguliwa chini ya mradi ulioitwa Unreasonable at Sea wa Mmarekani Daniel Epstein. Mmojawapo wa kampuni hizo ilitengeneza vifaa vya kusaidia kusikia vinavyochajiwa na jua, kazi iliyoanzia Botswana. Kwa karibu siku 100 wangezunguka dunia, wakijenga na kusahihisha biashara zao baharini, na kwenye kila bandari wakitafuta soko na washirika. Safarini alikuwepo hata Askofu Desmond Tutu.

Ukiangalia njia ya meli ile kwenye ramani, kuna kitu utakiona haraka kama umelelewa na pwani. Kutoka Cochin, kusini mwa India, ilishuka hadi Port Louis, Mauritius, kisha Cape Town. Yaani ilivuka Bahari ya Hindi yote bila kugusa Mombasa, Lamu wala Zanzibar. Miaka hiyo meli nyingi za abiria zilikuwa zikikwepa maji yetu kwa hofu ya maharamia wa Somalia. Mradi wa kisasa wa watu kufanya biashara pamoja majini ukapita nje ya pwani iliyokuwa ikiifanya kazi hiyo kwa karne nyingi.

Na bandari kwa safari ile ilikuwa siku chache tu. Ndani ya meli waanzilishi walikuwa na miezi mitatu ya kujuana wao kwa wao. Na mtu wa Takoradi au Casablanca, walikuwa na mchana mmoja au miwili. Uaminifu ulijengwa kati ya abiria. Ukiuliza kwa nini mtandao wa watu waliosafiri pamoja una nguvu kuliko wa watu waliokutana bandarini, jibu liko kwenye kalenda.

Nimeacha Bali mwisho kwa sababu huko ndiko mwenzangu anataka twende.

Mji wa Ubud umekuwa ukipokea wageni wanaokuja kufanya kazi tangu kabla ya babu zetu kuoa. Kwanza kulikuwa na damu: Septemba 1906 jeshi la Waholanzi liliingia Denpasar, na familia ya kifalme na watu wake wakatoka kuwakabili wakiwa wamevaa nguo nyeupe, wakafa badala ya kusalimu amri. Wabali huliita tukio hilo puputan. Vita vilipokwisha, Waholanzi hao hao walianza kuuza kisiwa kama paradiso. Mwaka 1927 mchoraji Mjerumani, Walter Spies, alihamia Bali na kupokelewa Ubud na familia ya Sukawati, watawala wa huko. Nyumba yake ikawa kituo cha wasanii na watafiti kutoka Ulaya na Marekani. Ni ritriti tu, ila bila waifai.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1936 Spies, mchoraji Mholanzi Rudolf Bonnet, Cokorda Gde Agung Sukawati na fundi mkubwa wa Kibali, I Gusti Nyoman Lempad, waliunda chama kilichoitwa Pita Maha. Kazi yake ilikuwa kusimamia ubora wa michoro na vinyago vya wasanii wa Bali na kuviuza kwenye maonyesho, hata nje ya nchi. Unaweza kubishana kuhusu ladha ya Kizungu iliyoamua nini ni kizuri, na watu wamebishana sana. Ila mwenyeji alikuwa mezani, jina lake liko kwenye karatasi, na mali iliyouzwa ilikuwa yake.

Sasa linganisha na Hubud, ofisi ya pamoja iliyofunguliwa Ubud mwaka 2013, jengo la mianzi lililotazama mashamba ya mpunga. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kama Maka ya watu wa startapu wanaotembea na ofisi begani. Makundi mengi ya waanzilishi yalipita pale, na urafiki uliozaliwa pale nina hakika ulikuwa wa kweli. Corona ilipofunga anga mwaka 2020, jengo likafungwa. Baadaye Indonesia ikaanza kutoa kibali maalum kwa wafanyakazi wa mbali, na sharti moja likawa mapato ya dola 60,000 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe ni Wakenya wangapi unaowajua watapita hapo. Sheria hiyo inaonyesha nchi inamtaka mgeni wa aina gani: yule anayekuja kutumia pesa. Mwenyeji anabaki kuwa mpishi, dereva na mwenye nyumba. Kazi halali zote, lakini hakuna hata moja iliyo ndani ya biashara ya mgeni.

Na sisi je? Kenya tumekaa pande zote mbili za meza. Kebo ya TEAMS ilitua Mombasa mwaka 2009 ikitokea Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, karibu njia ileile ya majahazi, na mwaka uliofuata iHub ikafunguliwa barabara ya Ngong. Tangu hapo Kilifi, Watamu, Diani na Lamu zimeona makundi ya waanzilishi wa kigeni yakija na mabegi yao.

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi na kundi moja hivyo, Kilifi, kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa "mtu wa huku". Nilisajili laini za simu, nilieleza M-Pesa mara kumi na nne, nilitafuta fundi wa jenereta umeme ulipopotea usiku. Timu moja ilikuwa inajenga huduma ya akiba kwa wanabodaboda, kwa hivyo kwa siku tatu nilikaa nao stejini nikitafsiri. Wale madereva walikuwa wakarimu kupita kiasi. Walifungua vidaftari vyao, wakaonyesha mapato ya siku, mafuta, pesa ya mwenye pikipiki, mchango wa chama, faini za polisi zisizo na risiti. Wageni waliandika yote. Walinilipa vizuri, kwa siku, kama tulivyokubaliana, wakaruka.

Baada ya mwezi na kitu nikapigiwa simu na dereva mmoja wa pale. "Kaka, wale wageni wako wanarudi lini?"

Sikuwa na jibu. Nililipwa kwa siku, na siku zilikuwa zimeisha. Lakini dereva yule, bila kumsoma Ibn Battuta, alikuwa anafuata sheria ya Mogadishu. Mimi ndiye niliyewaleta stejini, kwa hivyo wageni ni wangu, na neno lao ni neno langu. Deni la mwenyeji nilikuwa nalo. Fungu la mwenyeji sikuwa nalo. Alipiga tena mara mbili, kisha akaacha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi naona methali hiyo ni ya masharti. Mwenyeji hupona akiwa na sehemu katika kile mgeni alichokuja kufanya. Bila hivyo, anabaki kupokea simu.

Tukitoka sisi, mambo yanageuka lakini swali ni lilelile. Tangu Januari 2024 mgeni anayekuja Kenya kutoka Ulaya hahitaji viza, anajaza fomu mtandaoni na kulipa dola 30 na ushee. Mkenya anayeenda sehemu kubwa ya Ulaya analipa yuro 90 tangu Juni mwaka huohuo, anapeleka taarifa za benki, anangoja, na akikataliwa pesa hairudi. Maana yake ni kwamba ile meza ya jioni, ambapo watu wanajuana na baadaye kukumbukana mwekezaji akiuliza nani mwingine wa kumpigia, imechujwa kabla hata chakula hakijapikwa. Mwenzangu hukumbuka hilo vizuri kuniliko. Alishaalikwa Ulaya mara moja, akakataliwa na ubalozi mmoja kwa sentensi mbili.

Inachekesha kwamba hata mfumo huo mkali bado unamtambua mwenyeji. Ujerumani, kwa mfano, ina fomu rasmi ambayo mtu wa kule anatia sahihi kwamba atabeba gharama za mgeni wake. Ile sahani iliyofunikwa imekuwa karatasi yenye muhuri. Lakini bado lazima ajitokeze mtu aseme, huyu ni wangu.

Basi nikawaandikia waandaaji wa safari ya Bali swali moja: ni nani kule atakayetutambulisha kwa watu wanaouza vipuri, na yeye anapata nini? Walijibu haraka na kwa upole. Wakanitumia ratiba ya yoga, jina la mpishi, na kasi ya intaneti.

Sikusema hapana. Nilimwekea mwenzangu hesabu mbili mezani. Moja ya Bali. Nyingine ya Kampala, ambako tangu 2014 Mkenya anaingia kwa kitambulisho tu, na ambako soko la Kisekka lina vipuri vingi kiasi kwamba hata watu wa Grogan hulitaja kwa heshima. Timu tatu, nyumba moja, siku ishirini na moja, basi la usiku kwenda na kurudi. Bei ni chini ya theluthi. Tulibishana siku nne. Alisema Kampala haina wawekezaji wa kukutana nao jioni, na hapo ana haki, haina wengi. Nilisema wateja pia ni watu wa kukutana nao.

Tulichopata Kisekka ni mfanyabiashara mmoja aliyekubali kutupokea. Anataka asilimia ya kila duka litakalojiunga kupitia kwake kwa miaka miwili. Na ametoa sharti: hakuna muuzaji yeyote tutakayekaa naye bila yeye kuwepo. Mwenzangu ameona hilo ni jambo la kutubana. Mimi nimemwambia atie sahihi.